Ukuta Nyuma ya Mlango

Mwanangu Maryam,

Siku aliyofariki mama yako mimi sikuwa msikitini.

Tangu ukiwa na miaka minne umekuwa ukiambiwa kwamba nilikwenda kusali alasiri, nikakaa kusikiliza darsa, na niliporudi nikamkuta keshaaga dunia. Aliyekwambia ni mimi. Niliwaambia hivyo majirani, nikamwambia dada yangu Salama, nikamwambia mkunga, na watu walipokuja kunipa mkono wa tanzia nikawaambia wote, mmoja mmoja, mpaka maneno yenyewe yakawa laini mdomoni kama kokwa ya tende iliyonyonywa. Hayakuwa kweli. Nilikuwa barazani, nje ya mlango wetu, nimekunja mguu, nakunywa kahawa. Na mlango ulikuwa wazi.

Nimelificha hilo kwa miaka kumi na minane. Nisingelisema hata leo, maana mimi ni mwoga na uoga huzoeleka, lakini kesho asubuhi unahamia Bububu kwa mumeo, kwa wakwe zako kwanza, na mahamali wanakuja na gari lao kuung'oa mlango ule ule wakaupeleke kwenye nyumba yenu inayojengwa. Siwezi kukuacha uondoke nao bila kujua ni kitu gani unakichukua. Daktari naye hanifichi tena. Miguu imejaa maji mpaka magotini, na nikibonyeza kidole kwenye muundi shimo linabaki kama kwenye unga uliokandwa. Nilikuwa nikisema nitakwambia ukikua. Umekua, na mimi nimekwisha.

Sasa hivi nakusikieni huko juu mkifunga makasha. Shangazi yako anasema, "Kanga hazikunjwi hivyo, mwanangu, utawachekesha wakwe zako." Nawe unamjibu, "Ndivyo ulivyonifunza mwenyewe, shangazi, kama ni makosa basi wakucheke wewe." Mnacheka. Mimi sitakuagiza lolote kuhusu kanga, wala jiko, wala namna ya kumpokea mume anaporudi kazini. Hayo kayasema Bi Salama, na anayajua. Mimi ninachokijua ni milango.

Hilo hata mtoto wa mtaani atakwambia. Anayetaka kujenga mjini huambiwa, "Nenda kamwone Mwalimu Suleiman, yeye ndiye mjuzi." Miaka thelathini nimefundisha watoto kuandika khati, na jioni nikiwaandikia wachongaji maneno ya kuchonga juu ya milango ya watu. Najua msaji na mfenesi kwa harufu ya unga wake. Najua mnyororo uliochongwa na mkono mzito na ule uliochongwa na mkono mwepesi. Ndiyo maana mumeo Khamis, alipokuja na ile karatasi yenye mchoro wa nyumba yake, aliitandika hapa kitandani pangu juu ya shuka, kwenye miguu yangu hii, akasema, "Baba, msingi umeshapanda, karibu na ile njia ya zamani ya gari la moshi. Kilichobaki ni mlango tu. Nyumba haiendi mpaka mlango ujulikane."

Kasema kweli. Ndiyo desturi yetu, mlango hutangulia, kuta hufuata. Na mimi, mbele ya wazee waliokuja kwa ajili ya posa, nikasema, "Chukueni wangu." Wakaitikia wote, ma sha Allah, ma sha Allah, huo ndio ubaba. Nikaonja tena ile ladha ya kusifiwa kwa mlango, na nikaona kinyaa kama mtu aliyerudishia mdomoni alichokwisha kutapika.

Kisha, wageni walipoondoka, wewe ukainama juu ya karatasi ukanionyesha kwa kidole. "Tazama, baba, Khamis kaweka ushoroba umenyooka, kutoka mlangoni mpaka uani. Hakuna ukuta wa kukatiza. Upepo utapita moja kwa moja."

Nikasema, "Vizuri."

Neno hilo moja limeninyima usingizi tangu siku ile.

Nyumba hii niliirithi kwa ami yangu. Ilikuwa na mlango wa mfenesi, mfupi, mtu mrefu akiinama kuingia, na rangi yake imekwisha kuwa ya kijivu. Ndani yake, hatua nne kutoka kizingitini, ulisimama ukuta wa kiambaza. Ukiingia ulikutana nao usoni, ukageuka kushoto, ukapita ujia mwembamba, ndipo ukatokea uani. Jikoni upande mmoja, chumba cha mama yako upande wa pili, kisima na choo kwenye pembe. Kwa sababu ya ukuta ule, mlango uliweza kukaa wazi tangu asubuhi mpaka magharibi na mama yako akapita uani kichwa wazi, ndoo mkononi, anaimba. Mpita njia haoni kitu. Wazee walijenga hivyo na hawakutueleza kwa nini. Walidhani tuna akili.

Nilikuwa na miaka thelathini na mitano, mwalimu, kanzu yangu imepigwa pasi, na nikaona aibu kuutokea mlango wa kuinama. Jirani yetu wa mbele, Bwana Nassor, mwenye shamba la karafuu, alikuwa na mlango ambao watu walisimama kuutazama. Kila asubuhi nikifungua wangu naona wake. Hapo ndipo nilipokosea kwa mara ya kwanza, na ni kosa la mtu aliyesoma. Nyumba yangu ilikwisha kusimama miaka mingi, mimi nikaenda kuiagizia mlango kana kwamba naanza msingi. Na kipimo chake sikukichukua kwetu, nilikichukua ng'ambo ya kichochoro.

Nilimwita Fundi Makame, mchongaji mwenye karakana yake upande wa Darajani. Mtu mweusi, mfupi, mwenye macho mekundu kwa vumbi la mbao. Alipofika hakuutazama mlango kabisa. Alipiga hodi, akaomba mama yako ajisitiri, akaingia mpaka uani na fimbo yake, akatembea kutoka jikoni mpaka chumbani, kutoka chumbani mpaka kisimani, akirudi, akienda, kama mtu aliyepoteza sarafu. Nikamcheka.

"Fundi, mlango uko huku."

"Mlango nnaujua uliko, Mwalimu. Nnatazama nani atakuwa nyuma yake."

Nikamwambia ninachokitaka: mbao za msaji, upana kama wa Bwana Nassor na dhiraa moja zaidi ya kimo, mnyororo pembeni mwote, samaki chini kwenye miimo, misumari ya shaba yenye ncha.

Akasugua kidevu. "Nyumba hii inataka mlango wa kadiri. Huo unaoutaka wewe utaila."

"Mlango hauli, fundi."

"Huu utakula. Na utaanza na ukuta ule." Akaunyooshea fimbo kiambaza.

"Wewe chonga. Kazi yangu ni kuandika, yako ni kuchonga."

"Inshallah," akasema, na hakunitazama tena usoni mpaka kazi ilipokwisha. Miezi sita alichonga. Tuliubomoa uso wa nyumba kuuingiza, na siku uliposimama kichochoro kizima kilijaa watu.

Bwana Nassor akavuka na kikombe chake cha kahawa. Akaupapasa. Akasukuma mbao mbili zikafunguka, akachungulia, na palepale hatua nne mbele yake pana ukuta wa chokaa wenye baka la maji. Akageukia watu. "Jamani, Mwalimu kafungua mlango wa kasri, katuonyesha ukuta wa choo!"

Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Nami nikacheka. Maryam, jihadhari na mtu anayecheka pamoja na wanaomcheka. Nyumbani kwake kuna mtu atalipa.

Baada ya wiki moja ukuta haukuwepo.

Mama yako alisimama kwenye kifusi, mtandio kaufunga mdomoni kwa vumbi, akaniuliza jambo moja tu. "Na mimi nitapita wapi?"

"Utapita mlango ukishafungwa."

"Utafungwa saa ngapi?"

"Ukitaka kupita niambie, nitaufunga."

"Nitakwambiaje, na wewe uko nje na wanaume?"

Siku mbili tatu alijaribu kuniita kwa jina, kwa sauti ndogo, kutoka ndani. Siku moja sauti ikafika barazani. Jioni ile nilimwambia, "Sauti yako imesikika na watu wasiokuwa maharimu zako. Isirudie." Nilimwambia mimi, niliyebomoa ukuta uliokuwa ukiisitiri sauti hiyo. Niliitia dini mdomoni kwa jambo la fahari yangu, na aliinamisha kichwa akasema, "Haya." Hakuniita tena kwa sauti mpaka anakufa.

Ndipo alipobuni kinu. Kile kinu kidogo cha shaba, cha kutwangia hiliki na dawa. Akitaka kuvuka ua alikigonga kwa mchi wake, mara mbili, nami nikarudisha mbao za mlango kidogo, akapita, nikafungua.

Wakati huohuo mimi naipanga nyumba. Sijui niiite kazi ile kwa jina gani. Kila kilichokuwa kizuri nilikisogeza mbele kiwe kwenye mstari wa macho ya mtu aliyeketi barazani kwa Nassor. Sahani za Kichina nikazitia kwenye vidaka vya ukumbini. Tukala kwenye bati lililobanduka rangi. Kioo kikubwa kilichokuwa chumbani kwa mama yako nikakining'iniza mkabala na mlango, akawa anafunga mtandio kwa kubahatisha. Kasha lake la arusi, lenye shaba, alilotoka nalo kwao, nikaliweka ukumbini chini ya saa. Lilikuwa tupu. Nguo zake zilikuwa ndani ya kapu chini ya kitanda, kwenye unyevu, na mvua za masika zilipoisha aliitoa nguo yake ya Idi imeota ukungu wa kijani mabegani. Akaipeleka juani bila ya kusema. Nikamwambia asiianike uani, itaonekana.

Mpaka leo nalikumbuka kasha lile tupu linang'aa, na nguo zinaoza nyuma yake. Sikuona hata siku moja kwamba hii si nyumba. Hili lilikuwa duka la vitu visivyouzwa, na mama yako nilimtia stoo.

Na kile kinu. Barazani hakuna siri. Kilipogongwa mara ya tatu nne Nassor akakijua. "Kengele hiyo, Mwalimu! Ingia darasani!" Mwengine akadakia, "Mwache kidogo, mwalimu mkuu bado hajakasirika." Kila kikigongwa, kengele, kengele. Mwanzo nilinyanyuka. Kisha nikawa nanyanyuka polepole, nikimaliza kwanza kikombe. Kisha nikawa nasubiri kigongwe mara ya pili, nionekane mtu asiyeamrishwa. Kikigongwa mara ya pili nikisema, "Ngojeni nikafunge, watoto wa siku hizi hawana subira," kana kwamba mke wangu ni mtoto wa darasa la kwanza. Wakicheka, nafurahi.

Sikujiuliza ni nini anachokisubiri. Nilidhani ni chumvi, au maji ya kunawa. Nimekuja kujua mwaka huu, Maryam, kwa sababu nimelazwa kwenye chumba hichohicho na siwezi kuvuka ua bila ya mtu. Ni haja. Mtu mzima anasubiri haja yake, anabana miguu, anatazama ukuta, anahesabu ni vicheko vingapi vimebaki nje. Mama yako alifanya hivyo miaka mitatu, na mwishoni akiwa na mimba. Alijifunza kutokunywa maji mchana. Nilimwona hanywi nikadhani ni tabia yake.

Na wewe, bila ya kujua, miguu yangu ilipovimba uliniletea kitu cha kukuitia. Ulitafuta jikoni ukaja nacho, umekisugua kwa ndimu na majivu mpaka kinameta. "Baba, gonga hiki tu, mimi nitakusikia popote." Ukakiweka kwenye kigoda karibu na kichwa changu. Kinu kilekile. Sikuweza hata kukushukuru, ulidhani nimekasirika. Nikikigonga mara moja tu nakusikia, "Naam, baba!" na ndara zako ngazini kabla mlio haujaisha. Mara moja tu. Hujawahi kuningojesha mpaka mara ya pili. Kila ukija mbio hivyo natamani usije.

Sasa siku yenyewe.

Ulikuwa Ng'ambo kwa shangazi yako. Mimba ilikuwa ya miezi saba. Adhuhuri alikula kidogo, akasema mgongo unamuuma, nikamwambia alale. Alasiri nilisali hapahapa nyumbani, kwenye ukumbi, mlango wazi, nikionekana nikisali. Kisha nikatoka barazani. Nassor alikuwepo, na wageni wawili kutoka shamba, watu wakubwa, waliokuja makusudi kuuona mlango. Mmoja wao anajenga na anataka nimwandikie maneno ya juu. Nilikuwa na siku yangu. Niliwaeleza mnyororo maana yake nini, samaki maana yake nini. Nikawafungulia mbao zote mbili mpaka mwisho ili waone unavyosimama bila ya kulalama. Kahawa ikaja, ikaja tena. Tukakaa mpaka mwadhini wa magharibi.

Walipoondoka niliufunga mlango, nikafuta kwa mkono wa kanzu alama za vidole vyao kwenye shaba. Ndipo nikaenda ndani.

Alikuwa kwenye kizingiti cha chumba hiki, ameketi, kaegemea mwimo. Damu ilikuwa imefika mpaka kwenye mfereji wa ua. Alikuwa kajifunga mtandio vizuri, kichwa chote, kama mtu anayetarajia kutazamwa. Uani ni hatua kumi tu, ukumbini kumi nyengine, angeweza kujikokota akanitokea, lakini angejikokota mbele ya wanaume wanne, na damu mwilini. Nilikuwa nimeshamfunza kwamba hilo ni baya kuliko kufa. Mikono bado ilikuwa na joto.

Mkunga alikuja mbio. Alimfunika, akakaa kitako, akaniuliza, "Damu hii ya tangu alasiri. Ningeitwa ile saa, pengine ningemwahi. Hakuita?"

Nikasema, "Nilikuwa msikitini."

Hata sikufikiri. Lilitoka lenyewe, safi, lina nukta na vituo, kama imla. Nassor alijua nilipokuwa, lakini hakunikanusha hata siku moja.

Arubaini ilipokwisha nikamwita mwashi akausimamisha tena ukuta. Watu wakasema Mwalimu amejifungia huzuni yake. Umekua nao ukuta huo. Ukiwa mtoto uliniuliza kwa nini huu ni mweupe kuliko kuta nyengine, na kwa nini sakafuni mna mstari. Nikakwambia ulibomoka kwa mvua. Fundi Makame alikuja hitimani. Alisimama mbele ya kazi yake, akaigusa, akatema mate pembeni, akaenda zake bila ya kunisalimu. Katika mji mzima ni yeye peke yake aliyeniheshimu kwa kiasi ninachostahili.

Utauliza kwa nini sikuung'oa. Kwa sababu watu waliendelea kuusifu. Sina jibu lililo bora. Kila Alhamisi nimekuona unasugua misumari ile mmoja mmoja, unaimba nyimbo za mama yako ambazo hujui kwamba ni zake, na watalii wa meli wanasimama kukupiga picha, na mimi dirishani nimejaa kiburi na kichefuchefu kwa pamoja, sijui kipi kinaanzia wapi. Siku hizi barazani hawazungumzi tena milango, wanazungumza vyama na magazeti, nani ni mwenyeji na nani mgeni, na bado wakipita kwetu wanapunguza mwendo kuutazama. Nassor kafa, na wanawe wameuuza wa kwao. Wangu ndio uliobaki mzuri kuliko yote. Nilishinda.

Wewe na Khamis mlitaka nikuchagulieni mlango. Ukitaka nikwambie kama mjuzi, basi nitakwambia alivyofanya Fundi Makame, maana yeye ndiye aliyekuwa mjuzi. Nenda Bububu kabla kuta hazijapanda. Usisimame njiani kuuwazia uso wa nyumba. Lala chini pale kitakapokuwa chumba chako, chini kabisa, mchangani, kama mgonjwa. Kisha nyanyuka utembee mpaka kwenye maji. Tembea mpaka jikoni. Mwambie Khamis asimame njiani, na wewe utembee tena, umwulize anaona nini. Si mtu mbaya, Khamis. Anataka upepo, na mimi nilitaka sifa. Lakini mchoro wake na nyumba yangu ni mamoja, na upepo unaweza kuingilia dirishani. Ukishajua utapita wapi siku ambayo huwezi kusimama, hapo utajua ukuta ukae wapi, na mlango utajichagua wenyewe. Labda utakuwa wa mfenesi. Labda utakuwa mwepesi, wa kusukumwa kwa nyonga na mtu aliyebeba ndoo. Na kasha lako liweke karibu na kitanda chako, na nguo zako ndani yake.

Mahamali watafika jua likichomoza. Nimeutoa mlango mbele ya wazee, na kuurudisha itakuwa aibu. Aibu hiyo ni yangu, nipe niibebe, haitanidumu. Ukitaka wauchukue, wauchukue. Ukitaka waupasue uwe kuni, shoka liko nyuma ya pipa. Wewe ndiye utakayewaambia. Nitakuwa nimelala hapa nasikiliza utasema nini, na sitatia neno.

Barua hii nitaikunja niitie ndani ya kinu, maana najua kesho kabla hujaondoka utakuja kukisugua kwa mara ya mwisho, ukakiache safi kwa shangazi yako.

Nimeandika kurasa hizi zote na bado sijalisema. Nilidhani nikisema sikuwa msikitini itatosha. Nimekuachia nafasi udhani kwamba barazani palikuwa na kelele, kwamba alidhoofu akashindwa kukigonga. Sasa nalisema.

Alikigonga, Maryam. Nilimsikia mara ya kwanza, mara mbili kama kawaida. Na Nassor alisikia. Akainua kikombe, akasema, "Kengele hiyo, Mwalimu." Wale wageni wakanigeukia, hawajui mzaha wenyewe, wanasubiri waelezwe. Nilikuwa nimeegemea ubao wa mlango kwa bega. Kuufunga kulikuwa kazi ya kunyoosha mkono. Nikasema, "Paka huyo, anachezea vyombo." Wakacheka, nikaendelea kuwaeleza maana ya samaki. Kikagongwa tena. Nikainua sauti. Kikagongwa muda mrefu, si mara mbili mbili tena, ovyo, kama mtu anayetwanga bila ya nguvu, na kila kilipogongwa nilisema kwa sauti kubwa zaidi, mpaka mgeni mmoja akanisifu kwamba nina sauti nzuri ya kufundishia. Kisha kikanyamaza. Na kiliponyamaza, mwanangu, nilishusha pumzi, nikaona afadhali.

Baba yako,
Suleiman